Mwalimu Anayeuliza "Kwa Nini" Ahamishwe

Willis Emong,
Emsii wa Mazishi na Hafla Nyingine,
Malaba.

Kwa Baba Paroko,
Parokia yetu.

Baba Paroko mheshimiwa,

MINTARAFU: OMBI LA KUMHAMISHA MWALIMU GAUDENCIA KABLA HAJATUMALIZA

Pokea salamu zangu za heshima. Natumaini ile homa imekuachia, na kwamba wanakwaya nao wameacha kukusumbua juu ya kinanda. Sisi huku miili ni mizima. Ni amani ndiyo imeugua, na ndiyo maana nimeshika kalamu.

Wewe unanijua. Mimi ndiye husimama na maiki kwenye mazishi mengi ya upande huu, kuanzia hapa Malaba hadi Adungosi na Kocholia. Sina ugomvi na dini. Sina ugomvi na maadili pia. Nimeyasifu mara nyingi mbele ya watu, tena kwa sauti. Ugomvi wangu ni na Mwalimu Gaudencia, yule mama aliyetoka Rukala baada ya mafuriko akaja kukaa kwa binti yake, nawe kwa huruma yako ukampa darasa la maadili la watu wazima kila Alhamisi alasiri. Ulidhani umempa mama wa watu kazi ndogo ya kumliwaza. Baba, ulimpa kiberiti.

Nitayapanga malalamiko yangu kwa nambari, ili usije ukachoka kabla ya kufika kwenye uchungu wenyewe.

1. Hatoi majibu.

Katekista aliyemtangulia alikuwa mtu wa utaratibu. Alisimama, akasoma dhambi moja baada ya nyingine, sisi tukaitikia "Tumesikia," akafunga kwa sala, tukaenda sokoni. Hakuna aliyeumia. Mtu aliingia na tabia zake na akatoka nazo zikiwa salama.

Huyu mama hasomi kitu. Anakaa kwenye kiti kama sisi, anasimulia kisa, kisha anauliza, "Hii ni sawa? Kwa nini?" Siku ya kwanza alituletea kisa cha mwanamke anayetia maji kwenye maziwa ili yateremke bei na maskini nao wapate kununua. Niliona ni jambo la kumaliza haraka. Nikainua mkono, nikasema hiyo ni dhambi, tuendelee mbele.

"Amemkosea nani, Mzee Emong?" akaniuliza.

"Wateja."

"Na kama amewaambia kwamba ametia maji?"

"Hapo basi si dhambi."

"Na mtoto mchanga atakayenyweshwa hayo maziwa, yeye ameambiwa na nani?"

Baba, niliketi. Watu wazima waligombania maziwa yasiyokuwepo mpaka mlinzi akaja na funguo za kufunga ukumbi. Tulipomsihi atupe jibu sahihi ili tuondoke nalo, alibeba mkoba wake akasema, "Nendeni mkalale nalo." Nililala nalo. Lilichukua nafasi yote ya kitanda.

2. Maswali yake hayabaki darasani.

Angekuwa anafundisha mambo mazito ya vitabuni, tungemwachia ayabebe mwenyewe. Lakini amewapa watu maswali matatu mepesi kiasi kwamba hata mtu anayekaanga samaki kando ya barabara anaweza kuyashika bila kuacha kugeuza samaki. Nani ataumia? Ungekuwa wewe ndiye yeye, ungekubali? Na sababu yako, unaweza kumwambia usoni?

Maswali hayo yaliingia nyumbani kwangu yakiwa kichwani mwa mke wangu Beryl. Asubuhi moja simu ililia, nikaona ni mwenyekiti wa kwaya, na wewe unajua vile mwenyekiti wa kwaya huongea. Nikampa Beryl simu, nikamwambia aseme nimesafiri kwenda Bungoma.

Beryl akaniangalia. "Niseme uko Bungoma na wewe uko hapa unakula muhogo?"

"Sema tu, mama. Ni jambo dogo."

"Basi kama ni dogo, sababu yako nitamwambia yeye mwenyewe." Akaipokea simu. "Habari, mwenyekiti. Yuko hapa. Hataki kuongea na wewe kwa sababu unaongea sana. Naam. Nitamwambia."

Baba, mwenyekiti alikata simu, na tangu siku hiyo akinipigia anasema neno moja na kunyamaza. Beryl anadai urafiki wetu umeboreka. Mimi nasema uongo wangu ulikuwa unafanya kazi vizuri, na hakuna aliyekuwa ameulalamikia.

3. Ameingilia kamati ya mazishi.

Hapa ndipo naomba uvae miwani.

Unakumbuka Mzee Emuron wa Adungosi alipofariki. Alikuwa rafiki yangu, wakala wa forodha wa miaka mingi, mtu wa watu. Na unajua pia, kwa sababu Adungosi nzima inajua, kwamba kabla ya kumwoa Mama Mildred alizaa binti na mwanamke wa upande wa ziwa aliyekuwa akiuza samaki hapa Malaba. Binti anaitwa Awino. Alipokuwa bado mwanafunzi mdogo, mama yake alifariki, naye akaja na sare yake ya shule mpaka kwenye lango la Emuron. Emuron akatoka, akamtazama, akamwuliza, "Wewe ni mtoto wa nani?" Kisha akarudi ndani. Mtoto akabaki pale nje mpaka jirani akamchukua.

Swali lile lilikuwa la ajabu, kwa sababu Awino ana lile paji la uso la kina Emuron, linaloingia nyumbani kabla ya mwenyewe. Lakini sisi watu wa heshima tulikubali kwamba hatulioni. Tuliishi hivyo kwa amani. Awino akalelewa huko na huko, akakua, na siku hizi anaendesha lori refu la makontena, analala kwenye ule msururu wa malori hapa mpakani Malaba na kuvuka kwenda Kampala kama wanaume.

Basi tukakaa kikao cha mazishi, mimi, Mzee Ikapel ambaye ni kaka wa marehemu, na wazee wengine. Mama Mildred alikuwa kwenye mkeka, na wanawake waliokuja kumfariji walikuwa pembeni wanachambua maharagwe. Mwalimu Gaudencia alikuwa miongoni mwao. Nikasoma programu. Nilipofika kwenye "watoto sita wa marehemu," Mama Mildred akasema, "Na Awino?"

Mzee Ikapel akakohoa. "Mama, hiyo si mambo ya leo. Wacha tuzike kwanza."

"Mkishazika mtasema ni mambo ya zamani."

"Marehemu mwenyewe alimkataa."

"Marehemu alikataa pia dawa ya presha," akajibu Mama Mildred. "Na kila asubuhi nilimpa."

Kikao kikaingia baridi. Mzee Ikapel akageuka kule kwa wanawake, nadhani akitafuta msaada, akasema, "Mwalimu, wewe ni mtu wa kanisa. Mwambie huyu mama kwamba familia ina siri zake."

Mwalimu Gaudencia hakuacha kuchambua maharagwe. Akasema, "Mzee, sababu yenu ya kumwacha nje, kuna mmoja wenu anaweza kumwambia Awino mwenyewe?"

Mzee Ikapel akaomba chai. Baada ya chai tukapiga kura, wazee peke yetu kama ilivyo desturi, na tukaamua jina la Awino lisisomwe. Nasisitiza kwamba uamuzi ulipitishwa kihalali. Kama kikao halali hakiwezi kuangusha swali la mtu anayechambua maharagwe, tumekwisha.

4. Ameharibu mazishi yenyewe.

Siku ya mazishi kila kitu kilikuwa kimepangwa. Tenti mbili, viti vya kutosha, vipaza sauti vya kusikika mpaka barabarani. Mheshimiwa mbunge alikuwa amefika na alitarajiwa kuzungumza kwa kirefu. Mimi nilikuwa nimetunga wasifu wa marehemu wenye sentensi hii, ambayo bado naipenda: "Hakuna mtu aliyewahi kufika kwenye lango la Mzee Emuron akarudi mikono mitupu."

Tukiwa katikati ya nyimbo, lori likasimama barabarani. Lilikuwa refu, Baba. Lilifunga njia yote na kulizuia gari la Mheshimiwa lisiweze kutoka hata kama angetaka. Awino akashuka, bado amevaa lile koti la kung'aa la madereva, akaja akasimama nyuma kabisa, nje ya tenti, kwenye jua. Hakusema kitu. Ningeomba hilo lizingatiwe: kama angebaki vile, tusingekuwa na tatizo.

Nikatangaza, "Sasa watoto wa marehemu wasimame, watu wawaone." Wakasimama sita.

Mama Mildred naye akasimama. Nikadhani amezidiwa, nikawaashiria akina mama wamshike. Lakini alitembea. Alipita kando ya jeneza, akapita mbele ya Mheshimiwa, akapita kati ya viti, watu wakivuta miguu kumpisha, akafika kule nyuma kwenye jua. Akamshika Awino mkono, akarudi naye polepole mpaka mbele. Kisha akanyoosha mkono kwangu kwa ajili ya maiki. Mjane akinyoosha mkono utamfanya nini? Nikampa.

"Huyu ni Awino," akasema. "Ni mtoto wa Emuron. Siku alipokuja kwa lango na sare ya shule, mimi nilikuwa dirishani nimeshika pazia. Nilimwona. Niliona uso wa bwana yangu kwa huyo mtoto, na nikaachilia pazia. Nilikuwa na watoto wangu, niliogopa kile wanacho kitapungua. Hiyo ndiyo ilikuwa sababu. Wiki hii yote nimejaribu kuisema kwa sauti kana kwamba yuko mbele yangu, na kila mara inakwama. Sasa yuko mbele yangu. Awino, haisemeki. Nisamehe."

Mama Mildred akampa Awino maiki.

Hapo nilikumbuka wajibu wangu. Mzee Ikapel alikuwa ananikonyeza mpaka nikahofia jicho lake, na programu haikuwa na kipengele hicho. Nikasogea, nikaishika ile maiki ili niichukue. Awino hakuiachilia. Nikavuta. Yeye akashikilia. Mkono wake ulikuwa unatetemeka, na kwa kuwa naye ni mtu wa usukani ana nguvu, tukabaki tumeishika wawili mbele ya umati.

Akasema, "Mimi sikuja kuchukua kitu. Shamba gawaneni. Nimekuja kumzika baba yangu, kwa sababu sikupata nafasi ya kumfanyia kitu kingine. Lori iko kwa barabara inafunga watu. Nikimwaga udongo naenda."

Basi yule kijana mkubwa wa Emuron, ambaye kwenye vikao hakuwahi kufungua mdomo, akasogea kwenye benchi. Akasogeza na wenzake. Pakatokea nafasi ya mtu mmoja. Akasema, "Dada, kaa."

Baada ya hapo sikuwa emsii tena. Watu walilia. Si kile kilio chetu cha kawaida, ambacho mtu hulia huku akiangalia sufuria za wali zimefikia wapi. Walilia wakisahau pua zao. Mheshimiwa aliposimama hotuba ilimkimbia, akasema "Poleni sana" akaketi, na hilo halijawahi kutokea katika eneo hili tangu tupate vyama vingi. Wali ukapoa. Nami nilipofungua ule wasifu nikafika kwenye sentensi yangu ya lango, ulimi ulikataa kupita. Nikairuka. Nimefanya kazi hii kwa muda mrefu, na hiyo ndiyo mara ya kwanza sentensi yangu mwenyewe kunifukuza.

Nauliza, Baba: kama marehemu hawezi tena kusifiwa kwa mambo ambayo hakufanya, sisi maemsii tutakula wapi?

5. Ugonjwa unasambaa.

Wanawake wanaovusha mayai mpakani kupitia njia za panya wameanza kuulizana nani anaumia. Wamegawanyika. Kundi moja linasema inayoumia ni serikali, la pili linasema serikali haina mahali pa kuumia, na la tatu linauliza kuhusu mama wa Adungosi anayefuga kuku na anashindwa kuuza. Juzi walibishana hivyo ukingoni mwa mto mpaka mvua ikawakuta na trei zao.

Mzee Ikapel tulimtuma darasani akakusanye ushahidi dhidi ya Mwalimu. Alienda. Anaendelea kwenda. Anakaa kiti cha mbele na kuinua mkono. Nilipomdai ripoti aliniambia, "Willis, bado sijaelewa vizuri yale maziwa." Wiki iliyopita alimwita Awino nyumbani kwake kunywa chai, na akamwambia usoni kwamba alipiga kura dhidi yake. Nikamwuliza ni nani alimlazimisha. Akasema hakuna, na kwamba sasa analala vizuri. Unaona jinsi mtu anavyoharibika.

Kwa hiyo, Baba Paroko, naomba kwa unyenyekevu mambo yafuatayo. Mwalimu Gaudencia ahamishwe apelekwe mahali ambapo watu wameshamaliza kuwa wema, ambako hatafanya madhara. Ile orodha ya dhambi irudishwe, na isomwe haraka. Neno "kwa nini" lisitumike ndani ya parokia bila kibali chako cha maandishi, isipokuwa kwa watoto wadogo, ambao hatuwezi kuwazuia. Kwenye mazishi, wajane wakae. Na kama mamlaka yako yanafika mpakani, wasafiri wanaotoka Rukala wapimwe maswali kama vile tulivyokuwa tukipimwa joto wakati ule wa barakoa.

Mwisho kabisa, uhubiri Jumapili moja juu ya uchovu wa kufikiri. Waumini wako wamechoka, Baba. Zamani tulikuwa tunakosea na kupumzika. Siku hizi mtu anakosea na kukaa macho.

Nisalimie katekista mstaafu, masista wote, mpishi wako na mkono wake mzuri wa kupika kuku, walinzi, na wanakwaya isipokuwa mwenyekiti, ambaye siku hizi tunasalimiana wenyewe. Beryl anakusalimu, ingawa hajui ninaandika nini.

Wako mtiifu katika imani na katika programu,

Willis Emong

Tanbihi:

Nilikuwa nimeshafunga bahasha. Nimeifungua tena, samahani kwa gundi.

Mchana huu lori limesimama nje kwangu. Ni Awino, ametoka Kampala. Ameshuka na mkungu wa matoke mkubwa kiasi kwamba ameubeba begani, akauweka miguuni pangu mbele ya Beryl, akasema, "Mzee, sikupata nafasi ya kukushukuru. Ile siku mkono yangu ilikuwa inatetemeka, na wewe ukanishikia maiki. Watu wote walinyamaza, wewe peke yako ukasogea."

Nikasema, "Karibu, binti yangu." Baba, sikusema zaidi. Beryl alinitazama, akachukua kisu, akaanza kumenya.

Nimekaa hapa sebuleni na barua hii nikiwasikia wanacheka jikoni. Nimejaribu kujiambia kwamba hakuna anayeumia. Ndizi ni zake, ametoa kwa hiari, amefurahi. Nikajaribu kulisema jambo lenyewe kwa sauti ndogo nikiwa peke yangu: kwamba nilikuwa navuta ili nikunyamazishe. Lilikwama palepale. Basi nikainuka nikaenda jikoni kabla sufuria haijapanda motoni, nikamwambia yote, nimesimama mlangoni kama mtu aliyekuja kuomba chumvi.

Awino hakuacha kumenya. Alicheka kidogo, akasema, "Nilijua, mzee. Mtu wa usukani anajua kama anasaidiwa ama anavutwa. Lakini nilipoanza kuongea, uliacha kuvuta, na bado hukutoa mkono. Hiyo ndiyo nimeletea ndizi."

Sikujua kama niliacha kwa wema au kwa uchovu. Mpaka sasa sijui. Nimetafuta katika kichwa changu chote na hakuna mtu mwingine Malaba ninayeweza kumpelekea swali la namna hii asinicheke wala kunipa jibu.

Tafadhali, Baba, Mwalimu Gaudencia asiondoke kabla ya Alhamisi. Wala baada yake.

Wananiita nikale.

W. E.